Boksi la bati lisilokula hela: kuchora kipande cha shiti ili kikatike, kikunjike na kuungwa kwa bei nafuu

Fundi mmoja wa sola alikuja karakanani na mchoro wa boksi la ukutani, la kuwekea kontrola ya chaji, fyuzi na swichi. Alitaka maboksi 60. Urefu mili (milimita) 400, upana 300, kina 160, shiti ya mili 1.5. Nikachukua kalkuleta, nikapiga hesabu, kisha nikamuuliza:

"Kaka, hii 160 umeitoa wapi?"

Akajikuna kichwa. "Nimeona inatosha tu."

"Na kitu kinene kuliko vyote humo ndani kina mili ngapi?"

"Kontrola na waya zake, mia na kumi hivi."

"Basi weka 150. Ukibaki na 160 unanunua shiti 20. Ukiweka 150 unanunua 14."

Alidhani namtania. Hesabu yenyewe iko hatua ya pili, na nimeiacha wazi ili uirudie mwenyewe. Watu wengi hubishana bei na fundi wakati bei ilishapangwa siku mchoro ulipochorwa. Fundi akishapokea mchoro, anachoweza kukupunguzia ni faida yake tu, na hapo mnaanza kununiana. Nitalitumia boksi hilihili mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Nenda karakanani kabla ya kuchora

Usianze na kompyuta. Anza na miguu. Nenda kwenye karakana utakayoitumia, iwe Gerezani pale Dar, Kamukunji kule Nairobi au kwa jirani yako mwenye mashine mbili, uulize mambo haya: shiti gani ziko stoo leo? Mnakata kwa leza, kwa gilotini au kwa mkasi? Mashine ya kukunjia ina urefu gani? Panchi yake, yaani kile kisu cha juu kinachoshuka, ni ndefu moja au imegawanywa vipandevipande? Ina kimo gani? Na dai za chini, yaani zile kalibu zenye mfereji wa V ambamo panchi inashuka, mnazo za V ya mili ngapi?

Swali la panchi ndilo watu huliruka, nalo ndilo linaloamua kama boksi lako linawezekana. Boksi lenye kuta nne haliwezi kukunjwa kwa panchi moja ndefu. Ukishasimamisha kuta mbili, panchi lazima iingie katikati yake ili ikunje zile mbili zilizobaki, kwa hiyo inatakiwa ya vipande, au mashine ya vidole. Tena kimo cha panchi kisizidiwe na kina cha boksi, la sivyo kuta zilizosimama zitagonga kishikio cha juu kabla mkunjo haujafika nyuzi 90. Karakana isiyo na panchi ya vipande, usiilazimishe. Chora boksi lako kama U moja na vifuniko viwili vya pembeni, kila kimoja kikunjwe peke yake. Riveti zitaongezeka, ila kazi itafanyika.

Halafu suala la geji. Huku kwetu kila mtu anaijua geji kwa sababu ya mabati ya kuezekea: geji 28, geji 30, namba ikipanda bati linakuwa jepesi. Lakini geji si kipimo kimoja. Geji 16 ya jedwali la Uingereza ni mili 1.63, ile ya jedwali la chuma la Marekani ni 1.52. Na dukani unaweza kuuziwa "moja na nusu" ambayo kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, inasoma 1.35. Andika milimita kwenye mchoro, geji iache. Kisha shiti ikifika, ipime mwenyewe mbali kidogo na ukingo, au ipandishe kwenye mizani: shiti ya chuma ya futi 8 kwa 4 yenye mili 1.5 kamili ina kilo 35. Ikiwa na kilo 31, umeuziwa hewa.

Hatua ya 2: Panga vipande juu ya shiti kabla hujapenda kipimo chochote

Shiti ya futi 8 kwa 4 ni mili 2440 kwa 1220. Hicho ndicho kiwanja chako. Karakana nyingi zinakutoza shiti nzima, utumie yote au nusu. Kinachobaki kinaegemezwa ukutani na kushika kutu.

Turudi kwa maboksi ya sola. Boksi likifunguliwa likalala bapa, urefu wake ni sakafu ya 400 na kuta mbili za 160, jumla 720. Bati likikunjwa hujinyoosha kidogo, kwa hiyo unatoa mili 2.9 kwa kila mkunjo (hizi 2.9 zinatoka wapi, utaona hatua ya tatu). Mikunjo miwili, 5.8. Tunabaki na 714.2. Kwa upana: 300 na 160 mara mbili, 620, toa 5.8, inabaki 614.2.

Sasa iangalie shiti. Nusu ya 1220 ni 610. Kipande chetu ni 614. Viwili vinahitaji 1228, shiti imepunguka mili 8 tu! Basi kwa upana kinaingia kimoja, na kwa urefu vinaingia vitatu. Vipande 3 kwa shiti, maboksi 60, shiti 20. Pembeni unabaki ukanda wa mili 606, humo mifuniko inatoka bila gharama ya ziada, lakini hata baada ya mifuniko kuna bati jingi la kutupa.

Kina kikiwa 150, kipande kinakuwa 694.2 kwa 594.2. Viwili kwa upana ni 1188.4, ongeza mili 5 ya nafasi katikati, 1193.4, na ukingo bado una pumzi. Kwa urefu vinaingia vitatu. Vipande 6 kwa shiti, shiti 10. Mfuniko wa 405 kwa 305 wenye pindo la 25 ukilala ni 449 kwa 349, inatoka 15 kwa shiti, kwa hiyo shiti 4. Jumla 14.

Shiti 6 hizo ni kilo 210 za chuma, na mteja hakupoteza chochote alichokuwa anakihitaji.

Kuna jambo bado linaniuma. Baada ya kupanga vile vipande sita vya maboksi, mwisho wa shiti ulibaki ukanda wa mili 347, na mfuniko unataka 349. Mili mbili! Tungepunguza pindo la mfuniko toka 25 hadi 15, mifuniko 20 ingetoka kwenye mabaki na tungeokoa shiti moja nyingine. Tuliacha. Boksi linakaa nje, na pindo la mili 15 halifuniki mvua ya upepo vizuri. Kwa boksi la ndani ningepunguza bila kufikiri mara mbili.

Na usibane hadi mwisho wa shiti. Ukingo wa shiti mara nyingi umepinda kidogo au umepondwa kwenye lori. Acha angalau mili 5 hadi 10 kila upande, na mili 5 kati ya kipande na kipande kama ni leza.

Hatua ya 3: Tafuta makato ya mkunjo kwa kipande cha bure

Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa. Matokeo yake, kipande cha mili 100 ukikikunja katikati hakikupi 50 na 50, kinakupa zaidi. Hiyo ziada ndiyo unayoitoa kwenye mchoro. Sisi tunaiita makato, na kama yale ya mshahara, usipoyahesabu mapema utashangaa mwisho wa mwezi.

Programu za kuchorea zina namba zake, lakini hazijui dai ya karakana yako. Fanya hivi: okota mabaki ya shiti ileile utakayotumia, kata vipande vitatu vya mili 100 kwa 50, vipimwe kwa kalipa. Mwombe fundi avikunje nyuzi 90 kwa dai ileile atakayotumia kwenye kazi. Pima kila mguu kwa nje, jumlisha, toa 100. Ukipata 51.4 na 51.5, jumla ni 102.9, makato ni 2.9. Chukua wastani wa vile vitatu, uandike ukutani.

Kwa chuma cheusi cha mili 1.5 kwenye dai ya V ya 12, mviringo wa ndani wa mkunjo (nusu kipenyo chake) unakuja karibu mili 2, na makato yanakuwa hapohapo kwenye 2.9. Ukibadilisha dai, namba inabadilika. Ukihamia stenlesi inabadilika tena. Ndiyo maana kile kijaribio cha dakika kumi kinashinda jedwali lolote utakalolikuta mtandaoni.

Hatua ya 4: Chora mikunjo kwa ajili ya mashine

Kanuni ya kwanza, mviringo mmoja kwa kazi nzima. Ukiandika mviringo wa mili 1 hapa, mili 3 pale, umemlazimisha fundi abadilishe dai katikati ya kazi. Kubadilisha dai kunaweza kula muda kuliko kukunja vipande ishirini. Mwache achague dai inayozoeleka, yaani V yenye upana wa karibu mara nane ya unene wa bati, wewe chora kwa mviringo unaotoka hapo.

Pili, pindo fupi mno halikunjiki. Bati linakaa juu ya mabega mawili ya ile V. Pindo likiwa fupi, mguu mmoja unadumbukia ndani ya mfereji na mkunjo unapinda kama mkia wa mbuzi. Kwa V ya 12 pindo lisipungue mili 9 kwa nje. Mimi naandika 12 kwenda juu, silalamikiwi.

Tatu, fikiria mpangilio. Chukua kipande cha karatasi ngumu ya boksi la sabuni, kikate kama mchoro wako, ukikunje kwa mkono huku rula ikiwa ndiyo panchi. Kila ukikunja, jiulize: rula inatoka? Pindo linalorudi ndani, lenye umbo la C, ndilo linalowakamata wengi. Kwenye skrini linapendeza, kwenye mashine panchi inafungiwa ndani au pindo la kwanza linagonga mwili wa mashine. Niliwahi kupokea mchoro wa trei yenye midomo inayorudi ndani pande zote nne. Mwenye nao alikuwa mhandisi, na alinieleza kwa utaratibu kabisa kwa nini midomo inahitajika. Nikampa karatasi ya boksi na rula. Alikunja pande tatu, ya nne akacheka mwenyewe.

Nne, mkunjo usiishie katikati ya ukingo bila nafasi. Pale pindo linapokutana na sehemu isiyokunjwa bati litachanika au kuvimba. Weka mkato mdogo, upana usipungue unene wa bati na uingie mpaka upite mwisho wa mviringo. Kwa shiti yetu mkato wa mili 2 kwa 4 unatosha.

Ukitumia alumini, tahadhari zaidi. Ile laini ya aina namba 5052 inakunjika bila maneno, lakini aina ya 6061 iliyokazwa inapasuka kwenye mviringo mdogo. Stenlesi haipasuki ila inarudi nyuma kuliko chuma cha kawaida, fundi atalazimika kuipitisha nyuzi kadhaa.

Hatua ya 5: Matundu

Tundu lililo karibu na mkunjo linavutwa, linakuwa yai. Ukingo wa tundu ukae mbali na mkunjo angalau mara mbili ya unene pamoja na mviringo. Kwa boksi letu hiyo ni mili 5. Ukiweka 10 hutakosea. Ikibidi liwe karibu zaidi, litobolewe baada ya kukunja, na ujue kwamba hapo umeongeza kazi ya mkono.

Tundu lisiwe dogo kuliko unene wa bati. Na punguza aina za saizi. Boksi la yule bwana lilikuwa na matundu ya 4, 4.2, 4.5, 5, 5.5 na 6, kila moja kwa sababu ya skrubu fulani aliyokuwa nayo mfukoni. Tukayageuza yakawa saizi tatu: 4.1 kwa riveti za mili 4, 7 kwa boliti za ukutani na kwa ethi, na ya paipu za waya. Kwa leza tofauti si kubwa. Kwa fundi anayetoboa kwa drili, kila saizi ni kubadilisha biti mara 60, na ni nafasi moja zaidi ya kukosea.

Matundu ya paipu yafuate paipu zilizopo madukani, 20 na 25, na yakae chini ya boksi, kamwe si juu. Maji hayahitaji kualikwa.

Pale vipande viwili vinapokutana, upande mmoja weka tundu la duara na mwingine tundu refu. Mikunjo ina makosa ya nusu mili hapa na pale. Tundu refu linayameza, duara kwa duara linakulazimisha kuchukua tupa.

Usichonge uzi wa skrubu kwenye bati jembamba. Uzi wa M6 una hatua ya mili 1, kwa hiyo kwenye shiti ya 1.5 unapata mzunguko mmoja na nusu tu wa kushikilia. Utafunguliwa mara tatu, ya nne skrubu inazunguka bure. Tumia nati za kuriveti, zile zinazopigwa kwa bunduki yake, au chomelea nati kwa nyuma.

Hatua ya 6: Pembe, ambako hela zinavujia

Mchoro wa kwanza wa mteja wetu uliandika "chomelea pembe zote, saga zilingane". Maneno machache. Tuyahesabu. Boksi lina pembe nne za mili 150, yaani mili 600 za kuchomelea kwa boksi moja. Kwa maboksi 60 ni mita 36 za mshono. Kisha grainda ipite mita 36. Kisha bati la 1.5 limeshapata moto limejikunjakunja kama chapati, na mfuniko unagoma kukaa.

Tulichofanya ni kuongeza masikio. Kila ukuta mfupi ulipewa kisikio cha mili 15 kila upande, kinachokunjwa na kulala ndani ya ukuta mrefu, kikafungwa kwa riveti mbili. Uzuri wake ni kwamba masikio hayali bati. Ukikata umbo la boksi, kila pembe unatupa mraba wa karibu 150 kwa 150, na sikio linatoka humohumo. Riveti 480 kwa kazi nzima, vijana wawili, siku moja. Matundu ya riveti yalikatwa na leza kwenye ukuta na kwenye sikio, kwa hiyo boksi linajipanga lenyewe: tundu likikutana na tundu, pembe imekuwa nyuzi 90 bila kipimo.

Sikio lina masharti yake. Linakunjwa kwanza, kabla ya ukuta wake kusimama. Linapunguza nafasi ya panchi kwenye mikunjo inayofuata, mwambie fundi mapema apange vipande vya panchi vifupi kidogo. Na ukuta mrefu uchorwe ukijua kuna unene wa sikio nyuma yake. Ukisahau ile mili 1.5, pembe itabaki wazi ukitazama kwa pembeni.

Pembe za juu, kwa boksi la nje, zipakwe silikoni kwa ndani. Mfuniko wenyewe hatukuunga pembe zake kabisa. Mwanya wa mili 1 kwenye pindo la 25 haumdhuru mtu.

Kuna faida nyingine ya riveti: zinakuruhusu kutumia shiti iliyopakwa zinki. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe, na fundi akiuvuta, usiku wake anatetemeka kama ana malaria. Mafundi wengi wanaijua hiyo homa na wanakunywa maziwa wakiamini ni dawa. Dawa ni kutoichomelea.

Hatua ya 7: Ugumu uutafute kwenye umbo

Kama uliwahi kusoma bweni, unalijua tranka. Bati lake ni jembamba, unaweza kulibonyeza kwa kidole, lakini wanafunzi wawili wanalikalia wakila ubwabwa na halibonyei. Angalia lilivyotengenezwa: mistari iliyobonyezwa kwenye mfuniko na ubavuni, midomo iliyozungushiwa waya, kona zenye vipande vya kushikilia. Ugumu wote uko kwenye umbo.

Boksi lako likitikisika, usikimbilie shiti ya mili 2. Toka 1.5 kwenda 2 unaongeza theluthi nzima ya uzito, na chuma kinauzwa kwa uzito. Ongeza pindo la mili 15 kwenye ukingo ulio wazi, au kunja mstari mwepesi wa nyuzi chache katikati ya uso mpana. Kwa mfuniko wa 405 kwa 305 pindo la 25 pekee lilitosha.

Hatua ya 8: Rangi

Rangi ya unga, ile inayookwa kwenye oveni, inaongeza mikroni 60 hadi 80 (mikroni 1000 ni mili moja) kila uso. Inaonekana haina maana mpaka mfuniko ugome. Uso wa ndani wa mfuniko na uso wa nje wa boksi vyote vimeongezeka, kwa hiyo acha nusu mili kila upande. Weka tundu la kuning'inizia mahali pasipoonekana, la sivyo mpakaji rangi atachagua yeye. Na pale waya wa ethi unapofungwa pazibwe kabla ya rangi, kwa sababu rangi hiyo haipitishi umeme. Liandike hilo kwenye mchoro kwa herufi kubwa. Nimeliona likisahauliwa zaidi ya mara moja, na kurekebisha ni kukwangua rangi nzuri ambayo umeilipia.

Hatua ya 9: Vipimo na faili

Usiandike plasi-minasi 0.1 kila mahali ili uonekane makini. Fundi makini atapandisha bei, asiye makini hatasoma. Andika kwamba mchoro unafuata ISO 2768, kile kiwango cha kimataifa cha makosa yanayoruhusiwa, daraja la kati: hiyo inampa nusu mili kwa vipimo vya zaidi ya 120 hadi 400, na 0.3 kwa vya zaidi ya 30 hadi 120. Kisha chagua vipimo viwili au vitatu ambavyo kweli vina kazi, kwetu ilikuwa upana wa nje wa boksi pale mfuniko unapokaa, hivyo peke yake vibane.

Pima kutoka sehemu moja. Ukipima tundu la kwanza kutoka ukingoni, la pili kutoka la kwanza, la tatu kutoka la pili, makosa yanabebana. Na tundu linalopaswa kulingana na mkunjo lipimwe kutoka kwenye mkunjo huo.

Faili ya leza iwe DXF ya kipande kilicholala, kwa milimita, ukubwa halisi. Makosa matatu huja kila wiki: faili imehifadhiwa kwa inchi, mistari miwili imelaliana na leza inakata mara mbili palepale, na mistari ya mikunjo imeachwa kwenye rangi ileile ya kukata, boksi linatoka limekatika vipande vitano. Weka mikunjo kwenye tabaka lake, uandike "USIKATE". Ambatanisha na PDF yenye picha ya boksi likiwa limesimama, ili anayekunja ajue upande upi ni wa nje. Kama umeandika jina la biashara likatwe kwa leza, kumbuka tumbo la herufi A, B na O litadondoka usipoliwekea kidaraja.

Hatua ya 10: Boksi moja kwanza

Lipia boksi moja. Litagharimu zaidi ya mgawo wake, lipia tu. Lipime, lakini zaidi ya kulipima lifunge: weka kontrola, vuta waya, kaza nati, funga mfuniko, ligonge ukutani, lifungue tena ukiwa juu ya ngazi.

La yule bwana wa sola lilipita vipimo vyote. Alipolifunga ukutani ndipo tukagundua bisibisi haiingii kwenye skrubu ya chini kabisa ya kontrola, kwa sababu ukuta wa boksi unaizuia. Tukapandisha matundu manne ya kontrola mili 25 kwenye faili, akakaa kwenye benchi akisubiri soda yake, na leza ikaanza kukata yale 59.